Msaidizi Kabla ya Somo: Bima ya Afya Mtandaoni nchini Kenya

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya wa taifa, mjadala wa Kenya kuhusu huduma za afya mtandaoni umeelemea dai moja: kwamba wananchi wanakwama kwa kukosa ujuzi wa kidijitali, basi wafundishwe. Dai hili linawapendeza maafisa, wafadhili na hata sisi watafiti, labda kwa kuwa halimgusi aliyeujenga mfumo. Nalipinga, ingawa si lote. Kazi ambayo mtu huifanya mara moja katika miaka mingi, kama kujisajili kwenye bima, haifai kugeuzwa somo. Ifanywe na msaidizi anayetambuliwa kisheria, na muda wa kufundisha uelekezwe kwenye yale machache ambayo mgonjwa atayarudia kila aendapo kutibiwa.

Kwamba umri, elimu na kipato huathiri matumizi ya mtandao, hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye kipimo cha ujuzi wenyewe. Tangu watafiti Norman na Skinner wachapishe kipimo chao cha maswali 8 mwaka 2006, tafiti nyingi zimekuwa zikimwuliza mtu kama anajiona anaweza kutafuta na kupima taarifa za afya mtandaoni. Lakini kujiona si kuweza. Watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Rosalie van der Vaart walikijaribu kipimo hicho mwaka 2011, na uhusiano kati ya alama ambazo watu walijipa na kazi walizofaulu kuzifanya haukujitokeza kama ilivyotarajiwa. Mbali na hilo, kipimo chenyewe kinamdhania mtu aliye peke yake mbele ya skrini, mwenye simu yake, laini yake na faragha yake. Anayeazima simu ya jirani, au ambaye laini yake imesajiliwa kwa jina la mwanawe, hana mahali pa kukaa katika maswali hayo.

Tuutazame usajili wenyewe. Mwenye simu ya kawaida, mulika mwizi, hubonyeza *147#. Mwenye simu janja, au aliyeenda saiba, hutumia tovuti ya Afya Yangu. Kutoa nambari ya kitambulisho si kazi. Kazi huanza pale asiye na ajira rasmi anapofikia tathmini ya uwezo: nyumba ina kuta za nini, paa je, maji mnateka wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mko wangapi. Majibu ndiyo yanayompangia mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na unaotakiwa kulipwa kwa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600 kwa uchache. Mama mboga anajua vizuri paa lake ni la nini. Asichokijua ni namna paa hilo linavyogeuka shilingi, na hakuna semina itakayomjuza, maana hesabu hiyo haioni popote anapobonyeza. Mwaka 2025 waliosajiliwa walipita milioni 20, huku wachangiaji wa sekta isiyo rasmi wakibaki sehemu ndogo tu. Hesabu hiyo ya jumla haitenganishi aliyejisajili na aliyesajiliwa, kwa hiyo siwezi kuibebesha kila kitu. Hata hivyo, kila aliyemo ndani yake amekwisha kuvuka kizingiti cha teknolojia, kwa mkono wake au wa mwingine. Kilichomzuia asiyelipa ni kitu kingine.

Mkono huo wa mwingine ndio kiini cha jambo. Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa Septemba 2023 na kukabidhiwa simu za kazi, kila mmoja hutembelea kaya zipatazo mia kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Wako pia vijana wa saiba, makarani wa mapokezi, na watoto waliorudi likizo. Hawa wote wanatenda kwa niaba ya watu ilhali utaratibu unajifanya hauwaoni wengi wao, na hapo ndipo madhara huanza. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, haikusambazwa kwa semina. Wakenya waliijulia dukani kwa wakala, kwa kurudiarudia, na kazi iligawanywa vizuri: wakala hushughulikia upande wake, mteja huweka nambari yake ya siri mwenyewe, naye wakala haihitaji. Katika bima mpya mgonjwa alitumiwa nambari ya uthibitisho, kisha karani akamwambia, “Mama, nisomee hiyo nambari uliyotumiwa.” Mtu aliyeonywa miaka na miaka asimtajie yeyote nambari ya siri alifunzwa, mbele ya dirisha la hospitali, kuitaja kwa sauti. Hilo nalo ni somo, tena lenye nguvu kuliko lolote la darasani, kwa sababu lilirudiwa kila alipougua.

Nitaambiwa kwamba kumhalalisha msaidizi ni kufungua mlango wa ulaghai na kuvujisha siri za wagonjwa. Mlango huo uko wazi tayari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 zingeweza kumbana msaidizi mwenye jina kwenye kumbukumbu. Asiye na jina hazimpati. Nitaambiwa pia kwamba kusaidiwa daima kunamnyima mtu heshima ya kujitegemea. Hoja hii ina uzito kwa kijana mwenye simu janja, na kwake mafunzo yaendelee. Kwa mzee asiyeona herufi za skrini, heshima ni kumchagua anayemsaidia, na kuweza kumwondoa akitaka.

Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilitangaza kuiondoa nambari ya uthibitisho na kuweka alama za vidole. Pengo moja linazibwa, ila ule mgawanyo wa kazi kama wa wakala na mteja unafifia zaidi: anayeweka kidole kwenye mashine si lazima ajue ameidhinisha nini. Hapa ndipo mafunzo yana nafasi yake. Mgonjwa afundishwe mambo matatu: kuulizia orodha ya huduma zilizodaiwa kwa jina lake, kuangalia kama mchango wake ungali hai, na kujua pa kulalamikia. Mafanikio nayo yapimwe mgonjwa anapotoka, kwa kumwuliza kilichodaiwa ni nini na kulinganisha jibu lake na dai lililotumwa SHA. Wale ambao vidole vyao vimelika kwa jembe au mawe ya kuchonga, na wale wasioweza kuinuka kitandani, hawatavuka bila mtu wa kuwasemea, na kanuni zinapaswa kumtaja mtu huyo kabla mashine hazijafika kila zahanati.