Ua na Mshika Lango: Historia Fupi ya Uzio wa Miti, Kutoka Lamu Hadi Baiyun

Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili utafute neno "ua". Ukiliacha lile la mimea ambalo wingi wake ni "maua", utakuta maana mbili zimekaa pamoja. Ua ni uzio wa miti, fito, makuti au mabua unaozunguka nyumba. Ua vilevile ni nafasi iliyomo ndani ya uzio huo, mahali pa kupikia, kuanikia nguo na kuchezea watoto. Wingi wake ni "nyua".

Sisi wanachama wa klabu ya Kiswahili hapa Baiyun, kaskazini mwa jiji la Guangzhou, tumelijadili neno hili mara nyingi. Wenzetu Wachina huuliza: mtu akiambiwa yuko uani, amesimama penye miti au ndani ya miti? Kwa Kichina uzio wa mianzi au miti huitwa líba, na uwanja wa nyumba huitwa yuànzi. Hayo ni maneno mawili kwa vitu viwili. Kiswahili kimeviweka katika neno moja, kana kwamba anayesimika nguzo anajenga pia mahali pa kuishi.

Makala haya yanafuatilia historia ya kitu hicho kinachoonekana kidogo. Hoja yetu ni kwamba miti peke yake haiwezi kutueleza kama ua fulani ni nyumba au ni kifungo. Inatubidi tuulize nani aliujenga na nani anashika lango lake.

Nguzo, fito na makuti ya kumba

Tuanze na ujenzi wenyewe. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ua wa kawaida ulihitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni nguzo za kusimikwa ardhini. Cha pili ni fito za kufungwa kwa kulala juu ya nguzo hizo. Cha tatu ni kitu cha kuziba, mara nyingi makuti ya kumba, yaani makuti yaliyosukwa kwa ajili ya nyua na kuta. Kamba zilitokana na usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Adui mkubwa alikuwa mchwa, ndiyo maana watu wengi waliichoma kidogo ncha ya nguzo inayoingia ardhini kabla ya kuisimika.

Miti bora ilitoka kwenye misitu ya mikoko, hasa ya Lamu na ya delta ya Rufiji. Biashara yake ilikuwa na msamiati wake kamili. Huko Lamu miti iliuzwa kwa majina yanayofuata unene: fito ndiyo nyembamba kabisa, kisha pau, boriti, nguzo na banaa. Ilihesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti ishirini. Majahazi yaliibeba hadi Omani na nchi nyingine za Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba vya nyumba za mawe, kule Ghuba na huku mwambao. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje ya nchi ili kuinusuru misitu hiyo.

Bara kulikuwa na njia nyingine. Badala ya kukata miti, watu wengi waliiotesha. Wasukuma na Wanyamwezi walizungushia miji yao minyaa, mmea wenye utomvu mkali ambao mifugo huuogopa. Wachaga wa Kilimanjaro walipanda masale, ambayo ni mpaka wa shamba na pia alama ya amani. Mbono nao umetumika katika sehemu nyingi za Tanzania. Ua wa namna hii hauhitaji fundi wa kuufunga upya kila baada ya miaka michache. Unahitaji mtu wa kuupogoa, na kwa hiyo unahitaji mtu anayekaa pale.

Jina la ua linapohamia kwa watu

Jambo lililotuvutia zaidi ni namna majina ya nyua yalivyohamia kwa watu waliomo ndani.

Tazama neno "kaya". Wamijikenda wa pwani ya Kenya waliishi katika vijiji vilivyofichwa msituni na kuzungushiwa ngome ya miti, navyo viliitwa kaya. Mtu aliingia kwa njia maalumu yenye malango. Watu walipohama kwenda kulima nje, misitu hiyo ilibaki mitakatifu chini ya ulinzi wa wazee, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lugha nyingi za Kibantu za ukanda huu zina neno hilo kwa maana ya nyumbani. Leo karani wa sensa nchini Tanzania akibisha hodi, anahesabu kaya, yaani watu wanaoishi na kula pamoja, hata kama wako ghorofa ya sita na hawana fito hata moja.

Neno "boma" lina safari ndefu zaidi. Katika karne ya 19, vita na biashara ya watumwa vilipozidi, vijiji vingi vya Unyamwezi vilizungushiwa miti mirefu iliyosimikwa karibukaribu. Hayo yalikuwa maboma ya kujilinda. Wajerumani, na baadaye Waingereza, walipojenga vituo vya utawala, vituo hivyo navyo vikaitwa boma. Mwananchi aliyeitwa bomani alijua anakwenda kulipa kodi au kushtakiwa. Neno lililomaanisha kinga ya wanakijiji likawa jina la ofisi ya mtawala. Hata hivyo, maana ya zamani haikufa. Nchini Kenya mpaka leo mtu akisema anakwenda boma, anakwenda kwao.

Uganda nako, uzio wa matete uliosukwa kuzunguka makao ya Kabaka na machifu uliitwa kisaakaate. Vijana walipelekwa humo kufundishwa adabu na kazi. Tangu mwaka 2007, Malkia wa Buganda, yaani Nnabagereka, amelitumia jina hilo kwa kambi ya kila mwaka ya malezi ya vijana. Uzio wa matete umebaki jina la shule ya tabia.

Kwa Wamaasai, uzio wa matawi ya miiba unaozunguka enkang huwazuia simba na fisi usiku. Ni kazi ya wanaume, ilhali wanawake ndio wanaojenga nyumba. Lakini uzio huo mmoja una malango kadhaa, kwa sababu kila mwenye familia huwa na lango lake la kupitishia ng'ombe wake. Ukitaka kujua idadi ya familia, unaweza kuhesabu malango. Ulinzi ni wa pamoja, ila kila mmoja ana haki ya kutoka na kuingia kwake.

Uzio wa kulazimishwa

Sasa tufike mahali pagumu. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya ili kuvunja vita vya Mau Mau. Mnamo Juni 1954 iliamua kuwahamisha kwa nguvu Wakikuyu wa vijijini na kuwaweka katika vijiji vipya vilivyolindwa. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameingizwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba zao za zamani zilichomwa moto. Vijiji vilizungushiwa mahandaki yaliyopandwa miti iliyochongwa ncha, pamoja na seng'enge, na juu yake kulikuwa na minara ya walinzi. Pembeni mwa misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua lilichimbwa handaki la takriban kilomita 80, nalo likajazwa mianzi iliyochongwa. Wengi wa waliochimba na kuchonga walikuwa wanawake, wakifanya kazi ya lazima bila malipo.

Tuangalie kwa makini. Vifaa ni vilevile: mti, panga, shimo na mikono ya wanakijiji. Mtu aliyeona kwa mbali angeweza kudhani ni boma la kujilinda kama yale ya karne ya 19, na ndivyo serikali ilivyolieleza jambo hili: kwamba uzio huo ni wa kuwalinda watu. Lakini lango lilifunguliwa kwa saa chache, na aliyelifungua hakuwa mwenye nyumba. Aliyekwenda shambani alikwenda kwa ruhusa.

Mwaka huohuo wa 1954 ulianza Mpango wa Swynnerton, uliokusanya vipande vya mashamba na kutoa hati za ardhi. Familia zilizopata ardhi zilizungushia wigo sehemu zao, wakati wengi waliokuwa vizuizini hawakuwepo kudai zao. Katika wilaya moja, nyua za aina mbili zilikuwa zinajengwa kwa pamoja: moja ya kumfungia mtu, nyingine ya kumpa mwingine hati.

Malango ya Guangzhou

Tusidhani mambo haya ni ya Afrika peke yake. Jiji tunalosomea lina hadithi inayofanana nayo, na tunaileta hapa kwa sababu inaonyesha lango likibadilisha mikono mbele ya macho ya watu.

Kuanzia 1757, dola ya Qing iliwaruhusu wafanyabiashara wa Ulaya kufanya biashara Guangzhou tu. Walikaa katika majengo yaliyojulikana kama Hong Kumi na Tatu, ukingoni mwa Mto wa Lulu, nje ya kuta za mji. Hawakuruhusiwa kuingia mjini wala kuleta wake zao, na matembezi yao yaliwekewa siku. Wazungu hao walikuwa ndani ya uzio, na ufunguo ulikuwa kwa wenyeji.

Kisha ikaja Vita ya Afyuni. Mwishoni mwa Mei 1841, wanakijiji wa Sanyuanli, eneo ambalo leo limo katika wilaya yetu ya Baiyun, waliinuka dhidi ya wanajeshi wa Kiingereza waliokuwa wakipora mashambani mwao. Mpaka leo mnara wa kumbukumbu umesimama pale. Mwaka 1842, Mkataba wa Nanjing uliufuta mfumo wa zamani. Haikupita miaka 20, Waingereza na Wafaransa wakapewa kisiwa cha Shamian. Mfereji ukakitenga na jiji, na madaraja yake yakawekewa malango. Safari hii waliosimama nje wakisubiri ruhusa ni Wachina, katika nchi yao. Wageni walikuwa tena ndani ya uzio, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwao.

Siku hizi uzio wa miti ni nadra Baiyun. Katika vijiji vilivyomezwa na jiji, nyumba zimebanana hadi Wachina huziita majengo ya kupeana mikono, kwani jirani anaweza kukupa mkono dirishani. Ua hauna pa kukaa. Kwingine watu huishi katika mitaa ya ghorofa yenye kuta, uzio wa chuma na walinzi mlangoni. Mwezi Februari 2016 serikali kuu ilitoa mwongozo kwamba mitaa mipya isijengwe kwa kujifungia na ya zamani ifunguliwe polepole, ili barabara zipumue. Wakazi wengi walilalamika, kwa sababu kwao uzio ule ni usalama walioulipia.

Na Aprili 2020, wakati wa hofu ya korona, Waafrika kadhaa wa Guangzhou waliondolewa katika nyumba walizopanga, na mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya kulalamika. Kuta hazikuwa zimebadilika tangu Machi. Kilichobadilika ni uamuzi wa nani apite langoni.

Hitimisho

Waandishi wa Kichina wa kale waliliona jambo hili katika herufi zao. Chora mraba kama uzio. Weka mtu ndani, unapata qiú, yaani mfungwa. Weka mti ndani, unapata kùn, yaani dhiki. Mraba huohuo umo pia katika herufi ya bustani na katika herufi ya nchi. Mraba haubadiliki.

Sisi wanafunzi hulitumia neno la uzio kila muhula bila kujali. Katika tasnifu zetu tunaandika "wigo wa utafiti", na wigo ni ua. Basi tunapendekeza kwamba kila tunapokutana na uzio katika historia, uwe wa mikoko, wa minyaa au wa seng'enge, tuulize maswali matatu. Nani alisimika nguzo, na kwa hiari ya nani? Nani anafungua lango asubuhi? Na waliomo ndani hupaitaje mahali hapo: kwao, au jina walilopewa na mwingine?

Wachina wana methali isemayo kwamba uzio mmoja huhitaji nguzo tatu, na shujaa mmoja huhitaji wasaidizi watatu. Anayeujua ua wa kwao anajua ukweli wake, kwa sababu hakuna aliyewahi kufunga fito ndefu akiwa peke yake: lazima mwingine aushike upande wa pili.