Kipande cha Ukurasa

Ukisimamishwa na polisi usiku hapa Kenya, swali la kwanza ni "kipande iko wapi?" Anachotaka ni kitambulisho. Lakini jina hilo ni la zamani kuliko kadi yenyewe, na wazee wa Subukia wanajua lilikotoka.

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kutembea na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Iliwekwa ndani ya kikasha cha chuma, na wengi walikivaa shingoni. Kwenye mashamba ya walowezi, na bonde letu lilikuwa la mashamba hayo, kibarua aliyeondoka kabla mzungu hajaweka sahihi alihesabiwa mtoro. Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko ya Harry Thuku na wenzake. Alipokamatwa, watu walikusanyika Nairobi kudai aachiliwe, na tarehe 16 Machi 1922 wakapigwa risasi.

Wengi waliokibeba hawakujua kusoma. Habari zao zilining'inia kifuani pao, ila msomaji alikuwa mtu mwingine.

Mimi huwaza haya nikiwa kazini. Tangu niache chuo, naandika kurasa za wavuti kwa malipo kidogo kidogo, na kila ukurasa una kipande chake. Kuna mwili, yaani maneno na picha unazoona. Juu yake kuna sehemu inayoitwa kichwa, ambayo msomaji haoni. Humo ndimo tunaweka tagi za metadata: maelezo mafupi ya ukurasa, mwandishi, maneno muhimu. Zinasomwa na mashine.

Tagi ya meta iliingia kwenye kanuni za HTML 2.0 mwaka 1995. Desemba hiyo hiyo injini ya kutafuta ya AltaVista ilifunguliwa, na injini za wakati huo zilisoma maneno muhimu uliyojiandikia. Basi watu wakaanza kudanganya. Muuza matairi anaweka majina ya wanamuziki maarufu, neno moja linarudiwa mara hamsini, bora wageni waje. Imani ikaisha polepole. Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kwamba haitumii tagi ya maneno muhimu kupanga matokeo.

Hapo ndipo naona tofauti inayouma. Tagi ya ukurasa iliandikwa na mwenyewe, ikakosa kuaminiwa. Kipande kiliandikwa na mwajiri, na kiliaminiwa kuliko mtu aliyekibeba.

Ndio maana nauliza kila mara: nani ameandika lebo hii? Chukua lebo ya lugha, ile inayokaa kwenye mistari ya mwanzo. Kiswahili kina herufi zake mbili rasmi, "sw". Orodha ndefu zaidi ya kimataifa hata inatofautisha "swh", Kiswahili cha huku kwetu, na "swc", Kiswahili cha Kongo. Lakini violezo vingi tunavyotumia huja tayari vimeandikwa "en". Unaandika hadithi nzima kwa Kiswahili, na kipande chake kinasema ni Kiingereza.

Wenye macho hawatagundua. Anayegundua ni asiyeona, ambaye programu yake ya kusoma kwa sauti hutazama lebo hiyo ili ichague matamshi. Ikikuta "en", "maji ya mto" yanatoka kwa mdomo wa Kiingereza, na msomaji anabaki kubahatisha. Sauti ya Kiswahili inaweza kuwa imo ndani ya programu hiyo hiyo, ila hakuna aliyeiita.

Kurekebisha ni herufi mbili tu, sekunde chache. Wateja hawaniulizi na malipo hayaongezeki. Nabadilisha tu kabla sijatuma kazi, kwa sababu huku kwetu tunajua vizuri lebo iliyoandikwa na mwingine inaweza kumfanyia mtu nini.