Mimea Walanyama na Mbwa wa Kawempe

Aprili 1874, gazeti la New York World liliwapa wasomaji wake kisa cha mti wa Madagascar uliomla mwanamke mzimamzima huku wenyeji wakishangilia. Ulikuwa uzushi mtupu. Kabila lililotajwa halikuwepo, na mwandishi, Edmund Spencer, alijitungia. Lakini uongo huo ulipata miguu: mwaka 1924 Chase Osborn, aliyewahi kuwa gavana wa Michigan, alikiita kisiwa hicho nchi ya mti mla watu kwenye jalada la kitabu chake.

Mwaka 1875 Charles Darwin alitoa kitabu cha kweli juu ya mimea inayokula wadudu. Alikuwa ameulisha mmea wa drosera vipande vya nyama na ute wa yai, akaona vinywele vyake vikijikunja polepole. Habari hiyo haikumtisha mtu.

Uganda mimea hiyo ipo tangu zamani. Drosera huota kwenye ardhi chepechepe, na Utricularia huelea kwenye maji yaliyotulia. Mtego wa Utricularia ni kifuko cha milimita chache, kinachofyonza windo kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtaalamu wa mimea Peter Taylor aliiorodhesha jamii hiyo kwa Afrika Mashariki mwaka 1973. Kwa mitego midogo hivyo, mbwa anayekatiza kinamasi atatoka na tope tumboni, basi.

Kawempe, iliyoingizwa ndani ya mipaka ya Kampala mwaka 1968, inashuka kutoka kilima cha Makerere hadi kinamasi cha Lubigi. Mimea walanyama hutega wadudu kwa sababu pale inapoota hakuna rutuba. Lubigi, inayopokea maji machafu ya mtaa wa Bwaise kupitia mfereji wa Nsooba, ina rutuba ya kupindukia. Humo hustawi mafunjo na magimbi. Kwa hiyo mkazi wa Kawempe ana nafasi kubwa zaidi ya kuuona mmea mlanyama kwenye chungu, pengine dionaea, mnasa nzi wa Carolina.

Mbwa akiutafuna? ASPCA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, linauweka kwenye orodha ya mimea isiyo na sumu kwa mbwa. Huenda akatapika kidogo. Anayeumia hasa ni mmea.

Cha kuogopa kiko nje ya dirisha. Kabla ya kuta za matofali, baadhi ya nyumba za Buganda zilizungushiwa ua wa nkoni, ambao Waswahili huuita mnyaa. Tawi likikatwa na kuchomekwa ardhini hushika, na mbuzi hauli. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya, awe mtu au mbwa. Matofali yakausukuma ua huo pembeni, na ndani ya geti kukapandwa maua ya fahari, mojawapo Cycas revoluta, asili yake Japani. Mmea huo mpole wa sura huua ini la mbwa kwa mbegu chache tu.

Madaktari wa wanyama wanafunzwa hapo hapo Makerere, ndani ya divisheni ya Kawempe. Mwenye mbwa anayetapika baada ya kutafuna Cycas hana sababu ya kusubiri kesho: abebe na kipande cha jani au mbegu, aseme mbwa amekula ngapi na saa ngapi.