Risasi Iliyopotea Njia: Mashabiki wa Buffy na Kifo cha Tara

Je, mtunzi ana haki ya kumwua mhusika wake apendavyo? Swali hili ni kongwe. Wengi wetu tulikutana nalo mwaka wa kwanza tu, tulipoanza kusoma nadharia za uhakiki, na majibu ya haraka huwa mawili. Mmoja atasema, "Hadithi yake, mhusika wake, nani wa kumwuliza?" Mwingine atasema kuwa kazi ya sanaa ikishatoka mikononi mwa mtunzi inakuwa mali ya hadhira. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili ni mepesi mno. Mfano wangu hautoki katika riwaya wala ushairi. Unatoka katika tamthilia ya televisheni ya Kimarekani, Buffy the Vampire Slayer, na hasa sehemu moja tu iitwayo "Seeing Red", iliyorushwa tarehe 7 Mei 2002.

Najua wapo watakaoguna. Eti wanyonyadamu nao ni somo la uhakiki? Naam, ni somo. Jarida la kitaaluma la Slayage, linalochambua kazi hii, lilianza mwaka 2001 tamthilia yenyewe ikiwa bado hewani, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, kiliandaa mkutano mzima juu yake. Lakini hata pasingekuwa na jarida wala mkutano, mabishano ya mashabiki yangetosha kututia hamu. Ni nadra kuona hadhira ikigombana kwa hoja za kihakiki namna ile.

Tuanze na kazi yenyewe. Tamthilia hii ilianza Machi 1997 na kwisha Mei 2003, baada ya misimu saba na sehemu 144. Mwasisi wake, Joss Whedon, alieleza mara nyingi wazo lililomsukuma. Katika filamu za kutisha alikuwa akimwona binti mwenye nywele za dhahabu anaingia kwenye kichochoro chenye giza na kuuawa. Yeye akataka binti yule yule aingie kichochoro kile kile, zimwi limrukie, na zimwi ndilo life. Basi Buffy ni binti huyo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kazi hii ilijitambulisha kuwa ni kazi ya kupindua kanuni: yule ambaye hadithi nyingine humfanya kitoweo, hapa ni shujaa. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana ndilo mzizi wa ugomvi wote.

Tara Maclay anaingia katika hadithi Desemba 1999. Ni msichana mwenye haya, anayegugumia akisema, na ni mganga mpole. Taratibu anakuwa mpenzi wa Willow, rafiki wa karibu wa Buffy. Mapenzi yao yalisawiriwa kwa utulivu ambao haukuwa wa kawaida katika televisheni ya Marekani wakati ule. Hata busu lao la kwanza kuonyeshwa waziwazi lilisubiri hadi Februari 2001, na likawekwa katikati ya msiba wa mama yake Buffy, bila mbwembwe. Katika msimu wa sita wawili hawa wanaachana kwa sababu Willow amelewa uchawi. Mwisho wa Aprili 2002 wanarudiana. Sehemu inayofuata ndiyo "Seeing Red".

Humo wawili hawa wanaonekana muda mwingi chumbani, wenye furaha. Jina la mwigizaji Amber Benson, aliyeigiza Tara tangu 1999, linaonekana kwa mara ya kwanza katika orodha ya waigizaji wakuu inayofungua kila sehemu. Kisha kijana aitwaye Warren anaingia uani na bastola. Anampiga Buffy risasi, halafu anakimbia huku akifyatua ovyo. Risasi moja inapenya dirisha la ghorofani na kumpata Tara, na damu inamrukia Willow nguoni. Mtu kafa. Hakuna zimwi, hakuna tambiko. Ni risasi iliyopotea njia. Jina lililopanda leo kwenye orodha ya wakuu halikurudi humo tena.

Mashabiki waligawanyika. Kundi la kwanza, ambalo nitaliita watetezi, lilisoma kifo hiki ndani ya hadithi. Walisema kwamba katika kazi hii hakuna aliyewahi kuwa salama. Mwalimu Jenny Calendar aliuawa 1998. Joyce, mama yake Buffy, alikufa 2001 kwa maradhi. Buffy mwenyewe alijitosa kutoka juu ya mnara mwezi Mei mwaka huo huo. Kwa nini basi Tara awekewe kinga? Kumkinga kwa sababu ya mapenzi yake, walisema, kungekuwa ubaguzi wa namna nyingine. Isitoshe, kifo chake kina kazi katika msuko: bila msiba huo Willow asingegeuka kuwa adui mkubwa wa mwisho wa msimu, anayemwua Warren kwa ukatili na karibu auangamize ulimwengu. Tena watetezi walisifu kwamba kifo ni cha kibinadamu. Buffy alikuwa amefufuliwa mwanzoni mwa msimu, lakini Willow alipoomba Tara arudishwe alikataliwa kwa hoja kuwa mkono wa mwanadamu ndio uliomwua, si nguvu za kichawi. Hoja nzuri hizi, na mhakiki wa fani hawezi kuzipuuza.

Kundi la pili, la walalamikaji, lilisoma kifo kile kile ndani ya historia. Kanuni ya maadili ya Hollywood, iliyotiwa nguvu 1934 na kudumu hadi 1968, ilikataza kuonyesha mapenzi ya jinsia moja. Kanuni ilipoanza kulegea, wahusika wa namna hii walianza kujitokeza, lakini mara nyingi waliishia kaburini. Katika filamu ya The Children's Hour ya mwaka 1961, Martha anakiri mapenzi yake na hapo hapo hadithi inampeleka kwenye kitanzi. Mtafiti Vito Russo, katika kitabu chake The Celluloid Closet, alifikia hatua ya kuorodhesha namna wahusika hawa walivyokufa filamu baada ya filamu, kama mtu anayeandika daftari la msiba. Sasa walalamikaji waliuliza: katika mstari mrefu namna hii, maiti ya Tara inasimama wapi? Anarudiana na mpenziwe, anafurahi, anakufa; na aliyebaki anapata wazimu. Hiyo ni kanuni ile ile ya zamani, imevaa nguo mpya.

Watetezi walijibu kuwa watunzi hawakukusudia hivyo. Inawezekana kabisa. Lakini tangu lini maana ya kazi ikaishia kwenye kusudio la mtunzi?

Kulikuwa na ugomvi wa pili ndani ya sehemu hiyo hiyo. Spike, mnyonyadamu aliyekuwa na uhusiano wa siri na Buffy, anamfuata bafuni na kujaribu kumbaka. Buffy anapambana na kumsukuma. Mashabiki wa Spike nao wakapasuka. Wapo waliosema kuwa watunzi wamemsaliti mhusika waliyemjenga kwa miaka mitatu. Wapo waliosema kuwa tukio lile liliwakumbusha watazamaji ukweli waliotaka kuusahau, kwamba huyu hana roho. Na wapo, hasa wanawake, waliouliza kwa nini maumivu ya Buffy yawe daraja la safari ya Spike. Maana baada ya hapo Spike anaondoka Marekani na kwenda kutafuta roho, na mwisho wa msimu anaipata.

Anaipata wapi? Afrika. Pangoni. Hapo mimi, nikiwa msomaji wa upande huu wa dunia, nilisimamisha mkanda. Buffy anaishi Sunnydale, mji wa kubuni wenye mitaa, makaburi, baa na shule tunayoijua hadi maktaba yake. Afrika ya Spike ni giza, pango na jini la kumpa mtihani. Mwafrika mwenye jina na hoja yake hayumo. Bara zima limekuwa jukwaa la mzungu mmoja kutubu. Naleta jambo hili kwa sababu ni kosa la jamii moja na lile lililowaudhi walalamikaji wa Tara. Kote kuwili, kuna mtu au mahali panapotumika kumsogeza mwingine mbele, kisha panaachwa.

Istilahi zetu zinatusaidia hapa. Tunazungumza juu ya mhusika mkuu na mhusika mjenzi, yaani yule anayewekwa ili kumjenga mkuu. Kuwa mjenzi si aibu. Hadithi haiendi bila wajenzi. Tatizo linaanza pale ambapo watu wa namna fulani, katika hadithi nyingi za jamii nzima, hawapewi nafasi nyingine isipokuwa hiyo. Mjenzi mmoja akifa, ni msuko. Wajenzi wa aina moja wakifa kwa miaka sitini mfululizo, hiyo ni itikadi, hata kama kila mtunzi kwa zamu yake ana sababu nzuri.

Hadhira kumlilia mhusika, kwa kweli, hakukuanza na televisheni. Samuel Richardson alipokuwa akichapa riwaya ya Clarissa kwa majuzuu, 1747 hadi 1748, wasomaji walimwandikia wakimsihi asimwue binti yule, alikataa. Arthur Conan Doyle alimtosa Sherlock Holmes mwezi Desemba 1893, wasomaji wakamshikilia, na kufikia 1903 Holmes alikuwa amerudi akiwa hai. Ukilinganisha, utaona tofauti moja muhimu. Wasomaji wa Holmes walidai kurudishiwa starehe yao. Walalamikaji wa Tara walidai zaidi ya hapo. Walikuwa wanafanya uhakiki wa kihistoria. Walisema: wewe mtunzi ulituahidi kwamba katika kichochoro chako anayekufa siku zote hatakufa. Sisi tulikuamini. Mbona sasa amekufa yule yule?

Kwa maoni yangu, hapa ndipo watetezi walipokosea shabaha. Waliwajibu walalamikaji kana kwamba ni watu wa nje waliokuja na siasa zao kuivamia sanaa. La hasha. Walalamikaji walikuwa wanafunzi wema wa Buffy. Kazi yenyewe iliwafundisha kutazama nani hufa na kwa nini. Iliwafundisha kushuku kanuni. Walipoigeuzia silaha iliyowapa, hawakutoka nje ya matini hata hatua moja. Waliihukumu kwa sheria yake yenyewe, na hiyo ndiyo hukumu ya haki kuliko zote.

Hii haina maana kwamba sehemu hii ni kazi mbovu. Wenzangu wawili niliotazama nao walitofautiana usiku kucha, na yule aliyeipenda hakuwa mjinga. Ile risasi ya kubahatisha inauma kwa sababu imetungwa vizuri. Hasira ya Willow inaaminika. Lakini ubora wa fani hauifuti historia. Pengine unaiongezea uzito. Kifo kilichotungwa ovyo kinasahaulika. Kilichotungwa vizuri kinaingia moyoni na kanuni yake yote.

Anayedhani haya ni malumbano ya mwaka mmoja tu na atazame mbele kidogo. Tarehe 3 Machi 2016 tamthilia nyingine ya Kimarekani, The 100, ilirusha sehemu ambamo Lexa, kiongozi shujaa, analala na mpenziwe Clarke, na punde tu anauawa kwa risasi iliyokusudiwa mtu mwingine. Miaka 14 imepita, na risasi ni ile ile, bado inapotea njia, na bado inajua pa kwenda. Safari hii kilio cha mashabiki kilikuwa kikubwa kiasi kwamba mtayarishaji mkuu, Jason Rothenberg, aliomba radhi hadharani mwezi huo huo. Mashabiki wa 2016 walisimama juu ya mabega ya wale wa 2002.

Basi turudi kwenye swali letu. Je, mtunzi ana haki ya kumwua mhusika wake? Anayo. Hata mimi sitaki sanaa inayoomba ruhusa kwa hadhira kabla ya kila kifo. Fanani anayeogopa baraza lake hatatuambia lolote jipya. Lakini haki hiyo haiji peke yake. Inakuja na deni kwa hadithi zote zilizotangulia, na kwa ahadi ambazo kazi yenyewe imezitoa. Sisi wahakiki chipukizi tumezoea kuuliza, "Je, kifo hiki kimejengwa vizuri katika msuko?" Tunapewa maksi kwa swali hilo, na tunastahili. Tuongeze na la pili, ambalo mashabiki wa Tara walilijua bila kufundishwa na mhadhiri yeyote: kabla ya huyu, wa namna yake walikufa wangapi? Tulipeleke hata kwenye riwaya zetu, tuwahesabu mabinti wanaokufa kurasa za mwisho, ndipo tuone kama tutaendelea kulala usingizi mzuri.