Kitambulisho cha Msafiri: Kutoka Ukoo hadi Kadi

Mtu atokaye Tunduma kwenda Dar es Salaam kwa ndege hushika barabara kuu hadi Kiwanja cha Ndege cha Songwe, ambacho, ingawa kina jina hilo, kimo katika Mkoa wa Mbeya. Kiwanja hicho kilianza kutumika mwaka 2012. Hapo msafiri hutakiwa kuonyesha tiketi pamoja na kitambulisho chenye picha, japokuwa safari yake haivuki mpaka wo wote wa nchi. Sharti hilo lina historia ndefu, nasi tunapenda kuitazama.

Zamani, mgeni aliyefika kwa Wanyamwanga au Wanyiha aliulizwa ukoo wake na mahali alikotoka. Ushahidi wake ulikuwa vinywani mwa watu. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana nchi zisizo zao. Baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, mstari ulipitishwa hivi kwamba barabara ya Stevenson ibaki upande wa Waingereza. Wanyamwanga hawakushauriwa, ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya bendera mbili.

Ndipo karatasi ilipoanza kusema badala ya mtu. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, na stakabadhi ya kodi ikawa ngao ya mlipaji. Katika mashamba ya mkonge, kipande kilihesabu siku 30 za kazi. Waliovuka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini walikuta huko chitupa, cheti alichopaswa kuwa nacho Mwafrika. Karatasi hizo zote zilikuwa na shabaha moja: kumfahamu mtu ili atozwe, afanyishwe kazi, au azuiliwe.

Baada ya Uhuru, shabaha ilibadilika, lakini haja ya utambulisho haikukoma. Barua ya mjumbe wa nyumba kumi ilikuwa na nguvu kwa sababu mwandishi wake alimjua jirani yake. Sheria ya kuandikisha na kutambua watu ilitungwa mwaka 1986. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ikaundwa mwaka 2008, na vitambulisho vikazinduliwa mwaka 2013. Leo msafiri wa ndege ndani ya nchi aweza kuonyesha kitambulisho hicho, au pasipoti, leseni ya udereva, ama kadi ya mpiga kura.

Hapa yatupasa kutofautisha maswali mawili. Kiwanja cha ndege huuliza, "Je, wewe ndiwe mwenye tiketi hii?" Mpaka huuliza, "Wewe ni wa nchi gani?" Mkazi wa Tunduma, ambaye huenda shangazi yake yuko Nakonde, upande wa Zambia, hawezi kujibu swali la kwanza kwa Kitambulisho cha Taifa kabla hajajibu la pili, maana kadi hiyo ya raia haitolewi mpaka uraia uthibitishwe. Lugha yake na jina la ukoo wake havitoshi, kwani viko pande zote mbili.

Kwa hiyo ni wajibu wa dola kulinda mpaka, lakini pia ni wajibu wake kukumbuka kwamba mstari ule ulimkuta mwananchi nyumbani kwake. Afisa amhojipo mzee wa mpakani na amsikilize pia jirani yake. Kadi ni shahidi mwema. Lakini shahidi wa kwanza wa mtu ni watu wake.