Asiransi ya safari imekataa kulipa matibabu ya inje: hatua za kufuata

Kwa wengi wetu, asiransi ya safari ni karatasi ya kupatia viza. Tunailipa, tunaiweka pamoja na pasiporti, basi. Tunaisoma siku ugonjwa unatukamata inje ya inchi. Na siku kampuni inaandika kwamba hailipi, familia inabaki na deni la hospitali. Wengi wanasema tu «balinikatalia» na wanaacha maneno yaishe. Lakini jibu la kwanza la kampuni linaweza kupingwa.

Asiransi hii inalipa nini?

Inalipa ugonjwa wa gafla na aksida vinavyomkuta mtu safarini. Haikufanywa kwa mugonjwa anayetoka hapa kwenda Kampala, Nairobi ao India kusudi apasuliwe. Hayo ni matibabu ya kupanga, na kwa kawaida hayamo ndani ya mkataba. Kwa viza ya Schengen, sheria ya Ulaya ya mwaka 2009 inaomba asiransi ya angalau euro 30 000 kwa matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani na kifo. Hesabu hiyo ni kipimo cha juu cha malipo. Haimaanishi kwamba kila fakture italipwa.

Sababu zinazotolewa mara nyingi

- Ugonjwa ulikuwako mbele ya safari. Kwenye mkataba utaona maneno «maladie antérieure».
- Kampuni haikujulishwa kwa wakati. Mikataba mingi inaomba upigie namba ya msaada mbele ya kulazwa, ao ndani ya siku chache.
- Haikuwa dharura.
- Makaratasi hayatoshi.
- Inchi ao tarehe haimo ndani ya mkataba.

Tuchukue mfano. Mama wa Butembo iko na ugonjwa wa sukari. Anapita Kasindi kwenda Kampala kuona watoto. Kule kidole tumbo kinamuuma, anapasuliwa usiku huo huo. Kampuni inakataa: «Ulikuwa mugonjwa wa sukari.» Lakini kidole tumbo hakikuletwa na sukari. Munganga aliyempasua akiandika hivyo waziwazi, sababu ya kampuni inapoteza nguvu. Kama angelazwa juu ya sukari yenyewe, kesi ingekuwa ngumu zaidi.

Hatua za kufuata

1. Omba jibu kwa maandishi. Maneno ya simu hayatoshi. Barua iseme sababu gani, na kifungu gani cha mkataba kimetumiwa.

2. Soma kifungu hicho chenyewe. Mkataba uko na sehemu mbili: masharti ya jumla na masharti ya pekee. Kama ulipewa karatasi moja tu ya viza, omba mkataba wote. Angalia «exclusions», yaani mambo yasiyolipwa. «Franchise», sehemu unayobeba mwenyewe. Na «plafond», kipimo cha juu. Kama kifungu wanachotaja hakisemi vile wanavyodai, hapo ndipo utajengea barua yako.

3. Kusanya ushahidi. Unahitaji ripoti ya munganga yenye tarehe ugonjwa ulipoanza na sababu ya kutibiwa bila kungoja, fakture inayoonyesha kila kitu kwa bei yake, na risiti. Proforma si ushahidi wa malipo. Kama ulilipa kwa simu, chunga ujumbe wa malipo. Tikiti na muhuri wa mpaka vinaonyesha ulikuwa wapi na lini. Mtu aliyevuka kwa jeto bila muhuri atatafuta ushahidi mwingine, kama tikiti ya basi. Makaratasi ya Kampala ao Nairobi yako kwa Kiingereza: uliza kampuni kama inataka yatafsiriwe.

4. Kama ulichelewa kutoa habari, eleza kwa nini. Mugonjwa asiyejitambua hawezi kupiga simu. Ripoti ya hospitali ionyeshe saa alizokuwa katika hali hiyo.

5. Andika barua ya kupinga. Iwe fupi: namba ya mkataba, tarehe, sababu waliyotoa, jibu lako, hesabu unayodai, na orodha ya makaratasi. Toa kopi tu, ushahidi wa kwanza ubaki kwako. Omba muhuri wa kupokea juu ya kopi yako. Kama ofisi iko mbali, tuma kwa imeli na chunga jibu. Andika pia njia ya kulipwa, zaidi kwa watu wa Goma na Bukavu, ambako benki zilifunga milango mwaka 2025.

6. Panda juu. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilimaliza hali ya SONAS kuwa peke yake kwenye soko la asiransi. Mwenye kuchunga kampuni zote ni ARCA, Kinshasa. Unaweza kuipelekea malalamiko pamoja na barua zote mbili, ya kampuni na yako. Kama ulinunua asiransi Kigali, anayesimamia ni Benki ya Taifa ya Rwanda. Kampala na Nairobi, kila moja iko na IRA yake. Tanzania ni TIRA. Kinachoangaliwa ni inchi ambako kampuni imepewa ruhusa ya kazi, hata kama ulitibiwa kwingine.

7. Tribunali ni ya mwisho. Mbele ya kufika kule, uliza avoka gharama itakuwa ngapi, na muda wa kushtaki unaisha lini. Usingoje miaka.

Angalia kabla ya kusaini

Mara nyingine kampuni inakubali kulipa nusu. Feza kidogo inatamanisha mtu mwenye deni. Lakini kama karatasi inasema «pour solde de tout compte», maana yake umekubali kwamba hakuna deni lingine. Ukitaka kuendelea kudai sehemu iliyobaki, usisaini maneno hayo. Omba waandike kwamba ni malipo ya sehemu tu.