Waliotoka Johannesburg kwa Miguu

Vita vinapoanza, nani hulindwa? Sisi tunaosoma Johannesburg hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Tuanze na Oktoba 1899.

Tarehe 9 Oktoba, serikali ya Makaburu ya Transvaal iliipa Uingereza makataa ya saa 48. Jioni ya tarehe 11 makataa yalikwisha, vita vikaanza. Conyngham Greene, mwakilishi wa Uingereza mjini Pretoria, aliondoka salama, na maslahi ya Waingereza waliobaki yakaachwa mikononi mwa konseli wa Marekani. Ndiyo desturi ya mataifa: mjumbe wa adui haguswi, na nchi isiyopigana hushika nafasi yake. Mkataba wa Vienna wa 1961, unaolinda ofisi za ubalozi hadi leo, umeihifadhi desturi hiyo.

Lakini vibarua wa migodini je? Migodi ya dhahabu ilikuwa ikifungwa, na treni za kwenda Natal zilifurika wakimbizi wa Kizungu. Maelfu ya Wazulu walibaki bila kazi na bila usafiri. Nchi yao ya Zululand ilikuwa imeunganishwa na koloni la Natal mwaka 1897. Kwa hiyo nao walikuwa raia wa Malkia Victoria, kama Greene. Hata hivyo, hakuna konseli aliyekabidhiwa jukumu la kuwafikisha kwao.

Aliyewahangaikia ni John Sidney Marwick, ofisa wa serikali ya Natal aliyeshughulikia mambo ya Waafrika mjini hapa. Aliomba ruhusa kwa Makaburu, na siku chache kabla ya vita akaondoka na watu wapatao 7,000. Walitembea zaidi ya kilomita 350, wakipitia Heidelberg na Standerton. Karibu na mpaka, baadhi yao walilazimishwa na Makaburu kuvuta mizinga mlimani. Walipoingia Natal, vita vilikuwa vimekwisha kuanza.

Miaka 50 baadaye, Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 ulimpa raia wa kigeni haki ya kuomba kuondoka vita vinapozuka. Mwaka 1899 Wazulu wale hawakuwa na kifungu cha kutegemea. Walitegemea miguu yao na ubishi wa ofisa mmoja. Tunapoandika historia ya ulinzi wa balozi, basi, tusiishie kwenye lango la ubalozi. Tuwafuate na waliokuwa barabarani.